Kushuka Mombasa, kupanda Nairobi kwa gari la umeme: kisa cha karatasi iliyogeuzwa

Usiku wa Alhamisi, karatasi ya mpango wa safari iko mezani na kalamu bado mkononi, mke wangu aliuliza swali moja tu: "Na kurudi, Baba watoto?"

Niliichukua ile karatasi nikaipindua juu chini. "Kurudi ni hii hii," nikamwambia, "unaisoma tu kuanzia mwisho."

Kisa chote kimo ndani ya jibu hilo. Kwenda tulifika mapema, umeme ukiwa umebaki. Kurudi tulilala njiani bila kupanga, watoto wakaingia darasani saa nne siku ya kufungua shule, na nikajifunza kushika plagi kwa kiganja usiku wa manane kama mtu anayepima homa ya mtoto. Barabara ni ile ile, gari ni lile lile. Sisi watu wa Pwani tunasema tunashuka Mombasa na tunapanda Nairobi; nimeyasema maneno hayo tangu utotoni na sikuwahi kuyachukua kama hesabu.

Gari lenyewe ni Nissan Leaf ya mwaka 2018, mtumba wa Japani. Dashibodi bado inaongea Kijapani na ramani yake inaamini hatujatoka huko. Betri ilipokuwa mpya ilikuwa ya kilowati-saa 40, yaani uniti 40, zile zile tunazonunua kwa tokeni. Nitatumia neno uniti hadi mwisho, maana ndilo linalomfanya mtu aelewe bei kabla hajaelewa fizikia. Nina kidude kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na programu ya simu iitwayo LeafSpy, ambayo kila mwenye Leaf ya mtumba huishia kuwa nayo, kwa sababu inakwambia afya ya betri bila kukuficha. Yetu ilikuwa asilimia 88. Ukiondoa kile ambacho gari lenyewe hukizuia kisitumike, nilibaki na uniti 32 za kutegemea kabla dashibodi haijawasha picha ya kobe. Kobe akitokea, gari linakupunguzia nguvu na unatembea mwendo wake.

Abiria tulikuwa watano: mimi, mke wangu, Mama, na watoto wawili, wa miaka 12 na 7. Mama alikuwa amekuja Nairobi kuonana na daktari wa goti, na Jumamosi ile ilikuwa arusi ya mjukuu wake, binti wa dada yangu. Ilibidi afike Ijumaa. Watu waliuliza kwa nini tusipande treni. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, si pesa ya kuua mtu, lakini kituo kiko Miritini, sisi tunaenda Kisauni, na Mama alikuwa na masanduku mawili, sufuria mbili za kuazima alizokuwa anazirudisha, na goti. Gari likashinda.

Karatasi ya kushuka

Nairobi hadi Mombasa ni kama kilomita 480. Nilizigawa kwa mahali ambapo ningeweza kupata chaja ya kasi: Nairobi hadi Mtito Andei, 235 hivi, Mtito hadi Voi, 95, Voi hadi Mombasa, 155. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari letu likiwa limejaa hula karibu uniti 13 au 14 kwa kila kilomita 100. Kwa mwendo wa 110 mambo ni mengine. Upepo hauongezeki sambamba na mshale wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya kuupasua inakaribia kuwa maradufu. Kwa hiyo niliamua kujibanza nyuma ya mabasi na malori, ambayo kisheria hayaruhusiwi kupita 80, na kuwaacha wenye haraka wapite.

Sasa tazama mguu wa kwanza. Kilomita 235 kwa hesabu hiyo ni uniti 30 na kitu. Nina 32. Hapo mtu mwenye akili angesema haiwezekani, au inawezekana kwa kuomba Mungu. Lakini Nairobi iko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Mtito Andei iko karibu mita 750. Gari linapoteremka, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri, au mteremko ukiwa wa pole, gari linasukumwa na uzito wake na mota haifanyi kazi kubwa. Tani mbili zikishuka mita 950 zinabeba karibu uniti 5. Zote hazirudi, lakini nne hivi zinarudi. Kwa hiyo mguu wa kwanza ukawa uniti 27, na akiba ya 5. Niliandika hivyo kwenye karatasi, nikapiga mstari chini yake, nikafurahi. Ungekuwa wewe ungefurahi pia.

Kazi iliyochukua muda mrefu kuliko hesabu ilikuwa simu. Programu za chaja zilinionyesha alama za kijani njia nzima, zinapendeza kama taa za Maulidi. Nilipopiga simu moja moja, zikaanza kuzimika. Hoteli moja "chaja" yake ilikuwa soketi ya ukutani, ile ya birika la chai. Nyingine ilikuwa na mashine nzuri kabisa, lakini mikono yake, yaani plagi zinazoingia garini, ni ya aina ya CCS2 na ile ya Kichina ya GB/T, ambayo ndiyo inayowekwa zaidi siku hizi kwa ajili ya magari mapya. Leaf ya Japani inataka CHAdeMO, plagi nene kama tochi ya askari, na hiyo haiko kila mahali. Ya tatu, mashine imesimama lakini haijaunganishwa. Bwana mmoja mchangamfu aliniambia, "Kaka, yetu ni kilowati 22, utajaza ukinywa soda." Nilimshukuru bila kumweleza. Hizo 22 ni za umeme wa kawaida, wa aina ya ukutani (AC), na umeme wa kawaida lazima upite kwenye kichajio kilicho ndani ya gari. Leaf nyingi za Japani zilitoka na kichajio cha kilowati 3, yaani uniti 3 kwa saa. Cha 6 mnunuzi alilipia zaidi. Chetu ni cha 3. Unaweza kuichomeka kwenye bwawa la Masinga, itakunywa 3. Kutoka tupu hadi kujaa ni saa 16 kwa hesabu ya kiwandani.

Ukinunua gari la namna hii mkononi mwa mtu, uliza hilo kabla ya kuuliza rangi.

Mwishowe nilibaki na chaja mbili za kweli, moja hoteli ya karibu na Mtito, moja Voi, zote zina CHAdeMO, na kila moja nilipata namba ya mlinzi badala ya namba ya ofisi. Ofisi inakwambia mashine ipo. Soja anakwambia kama leo inafanya kazi.

Ijumaa

Tulitoka saa kumi na nusu alfajiri, betri asilimia mia. Hali ya hewa baridi, barabara tupu hadi Machakos Junction, kisha malori. Nilikaa nyuma ya basi moja kutoka Salama hadi Emali. Mke wangu alilala, Mama akavuta tasbihi, mtoto mkubwa alishika simu na kusoma namba za LeafSpy kwa sauti kama mtangazaji wa mpira. Saa mbili kasorobo tulikuwa Mtito tukiwa na uniti 5, kama karatasi ilivyosema. Nilijisikia mtu wa maana.

Tulichaji hadi asilimia 80 tu. Juu ya hapo betri hupokea kidogo kidogo. Ni kama kujaza mtungi, ukifika shingoni unapunguza mkono la sivyo maji yanamwagika. Muda wa chai, mahamri tuliyobeba, na choo cha watoto ulitosha. Dakika 40 na kitu.

Voi ndipo nilipoona dalili ya kwanza, nikaipuuza. Chaja ya Mtito ilitupa karibu kilowati 40, ya pale ikatupa 24. Mashine haikuwa na hatia. Betri ya Leaf haina maji ya kuipooza; inategemea upepo unaopita chini ya gari. Ukiichaji kwa kasi inapata joto, ukiendesha haipoi, ukiichaji tena kwa kasi inajilinda kwa kupokea pole pole. Ilikuwa saa nne na robo tu, jua la Voi halijakasirika bado. Robo saa niliyoandika ikawa karibu dakika 30. Nikasema haidhuru.

Swala ya Ijumaa tuliiwahi Mackinnon Road, kwenye msikiti ulio karibu na reli, penye kaburi la Seyyid Baghali. Madereva wengi wa njia hii hawapiti pale bila kusimama au kutoa sadaka, na Mama angenishusha garini kama ningepita. Nasema hili kwa sababu lina maana katika mpango. Tulisimama karibu saa nzima, mahali ambapo familia yetu husimama kila safari, na gari likakaa juani halichajiwi. Chaja zimewekwa mahali penye eneo la kuegesha na umeme mzito. Watu wanasimama penye msikiti, penye kaburi, penye nyanya wa njia anayeuza maembe. Ukipanga safari ya familia, jumlisha vituo vyote vya aina mbili hizo, kwa sababu mara nyingi havikutani.

Saa tisa tulikuwa Kisauni na uniti 5. Mama alishuka akasema, "Alhamdulillahi, mwanangu, gari halina hata harufu." Nilikaribia kuitia karatasi yangu fremu.

Tokeni

Usiku wa Ijumaa nilichomeka gari kwenye soketi ya ukumbini kwa Mama, kwa waya wa ampea 10. Ampea 10 kwa volti 240 ni kilowati 2.4, kidogo, lakini usiku ni mrefu. Asubuhi lilikuwa limejaa zaidi ya nusu, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu wajomba walikuwa wamenunua tokeni nyingi za taa za arusi. Kumbe tokeni hizo ndizo gari lilikuwa likizila.

Jumamosi na Jumapili halikupata nafasi. Ua lilijaa masufuria na viti, na gari lenyewe lilikuwa likipeleka watu na kurudisha watu. Jumapili saa mbili usiku ndipo nilipochomeka tena, zikiwa zimebaki uniti 6. Nikaona nionyeshe uungwana: nikamnunulia Mama tokeni za shilingi 500, nikaingiza mwenyewe kwenye mita, nikalala. Zilikuwa kama uniti 17.

Saa nane usiku nyumba ikawa kimya. Feni zilisimama, friji ikaacha kunguruma. Kile kidude cha jikoni kinachoonyesha uniti kilikuwa kimelia kwa muda, taa nyekundu inapepesa, lakini nani angekisikia baada ya siku tatu za arusi? Mama aliamka saa kumi na moja kwa ajili ya swala, akafungua friji, akagusa nyama. Kisha akanijia mlangoni.

"Mwanangu," akasema, sauti ya chini ili asiamshe watoto, "hili gari lako linakula kuliko wageni."

Nilinunua tokeni nyingine kwa simu pale pale kitandani. Lakini saa tatu za kuchaji zilikuwa zimepotea. Gari lilikuwa na uniti 18 au 19, na mguu wa Mombasa hadi Voi kwa kupanda ulihitaji zaidi ya 25 ukiweka na akiba kidogo. Tulipanga kuondoka saa kumi na moja. Tuliondoka saa tatu na nusu.

Hapa nitoe kilio kimoja kidogo. Mwaka 2023 mamlaka ya kawi, EPRA, iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti na 8 saa za usiku zisizo na msongamano, kabla ya kodi na ada. Ni bei nzuri sana. Lakini inataka mita yake. Nyumba ya Mama haina mita ya namna hiyo, wala nyumba za mama za watu wengine ninaowajua, na likizo ya familia hulala huko.

Jumatatu

Mama alibaki Mombasa, kwa hiyo mzigo ulipungua kwa Mama. Kisha ukaongezeka kwa mkono wa Mama: nazi 20, maembe, ndoo ya achari, mhogo, na samaki wa kukaanga kwenye gazeti. Tulirudi na uzito ule ule.

Kutoka usawa wa bahari hadi Voi ni kupanda karibu mita 580. Ukiwa ndani ya gari huoni mlima wowote. Barabara imenyooka nyikani, Mariakani, Samburu, Taru, Maungu. Namba ndiyo inayouona. Nilijiweka nyuma ya lori la kontena kwa mwendo wa 70 na kuzima kiyoyozi, watoto wakateta. Tuliingia Voi saa saba kasoro dakika ishirini, uniti 3 zimebaki, ile namba ya kilomita kwenye dashibodi imeshakuwa vistari. Mke wangu hakusema neno tangu Maungu. Huo ndio wakati ninaomwogopa zaidi.

Jua la saa saba, betri ya moto, chaja pole pole. Saa nzima na dakika 40 tulikaa pale. Kama tungeondoka alfajiri tungefika Voi saa mbili, kukiwa na ubaridi, na muda huo ungekuwa nusu. Ndiyo maana kwa wiki kadhaa nyumbani kwetu lawama zote zilibaki kwa tokeni. Nikasikia hadithi ikisimuliwa kwa majirani: "Tokeni ziliisha, ndiyo tukalala njiani." Ningependa iwe hivyo. Tokeni ni kosa dogo, la mtu mkarimu aliyepiga hesabu vibaya.

Ukweli tulikutana nao Mtito, saa kumi kasoro, tukisubiri tena chini ya kivuli cha mwarobaini. Mtoto mkubwa alikuwa na simu yangu. Akaniuliza, "Baba, siku ile tulipofika hapa tulikuwa tumetumia ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Na ile nne ya kuteremka, sasa si tutailipa?"

Nilichukua risiti ya chai nikaandika nyuma yake. Kilomita 235, uniti 30 na nusu. Kupandisha tani mbili mita 950, uniti 5 na kitu, na kwa kuwa mota nayo ina hasara yake, weka 6. Jumla 36 na nusu. Betri yangu, ikijaa mpaka mdomoni, ni 32.

Niliirudia mara mbili. Mguu ule haukuwa mgumu, haukuwepo. Hata kama tokeni zisingeisha, hata kama tungeondoka saa kumi na moja, hata kama betri ingekuwa baridi kama maji ya mtungi, tungefika Mtito, tungejaza asilimia mia, na tungesimama mahali fulani kabla ya Mlolongo tukiwa na kobe na watoto wawili. Tofauti ya kushuka na kupanda kwenye kipande kimoja cha barabara ni karibu uniti 10, theluthi ya betri yangu. Karatasi ilihitaji kituo cha tatu kati ya Mtito na Nairobi, na mimi nilipokuwa nikipiga simu zile zote wiki iliyopita sikupiga hata moja kwa Kibwezi, Makindu, Emali wala Sultan Hamud, kwa sababu nikishuka sikuvihitaji.

Mke wangu aliitazama risiti. Alikuwa na haki ya kuniuliza tena lile swali la Alhamisi. Hakuuliza. Alisema tu, "Usiku siendeshwi barabara hii na malori haya. Tutafute pa kulala."

Kwa uniti 25 tulipanda kilomita 70 hadi Makindu, tukaingia magharibi. Watoto walitaka kwenda hekalu la Masingasinga, maana waliwahi kusikia kwamba wasafiri hupewa chakula pale bila kulipa, na ni kweli, ni jambo la miaka mingi. Tulivua viatu, tukafunika vichwa, tukala chapati na dengu tukiwa tumekaa chini pamoja na madereva wa malori. Ndicho chakula kilichotuliza gari zima.

Nyumba ya wageni tuliyoipata baadaye, meneja alisikia neno "kuchaji gari" akaweka kalamu chini.

"Mkubwa, gari zima? Bili ya hapa ataifahamu nani?"

Nikamweleza kwa uniti. Usiku kucha litakula uniti 23, labda 24. Kwa bei ya umeme wa nyumbani ni kama shilingi 700. Nikampa 1,000, nikamwandikia kwenye kitabu chake. Alikubali aliposikia uniti. Angekuwa amesikia kilowati, tungelala na betri nusu. Waya ukapitia dirishani, kwenye soketi iliyo nyuma ya kitanda. Soketi ya zamani, mdomo mmoja umelegea. Ekstensheni niliikataa. Nikatega kengele kila saa mbili niamke kushika plagi. Saa sita ilikuwa vuguvugu. Saa nane ilikuwa moto kiasi cha kutoa mkono, pana harufu ya plastiki. Nikazima dakika 20, nikasugua miguu ya plagi kwa kitambaa mpaka ikang'aa, nikachomeka tena ikiwa imekaza. Saa kumi ilikuwa vuguvugu.

Saa kumi na moja tulitoka tukiwa tumejaa. Kutoka Makindu hadi Nairobi ni kama kilomita 165 na mita 700 za kupanda, uniti 27 kwa risiti yangu. Ilikuwa 28. Foleni ya Mlolongo haikuniumiza. Gari la umeme likisimama halili karibu chochote. Ni pale tu kwenye foleni, asubuhi ile, nilipowazidi watu wa petroli.

Ningeipanga vipi sasa

Ningeanza na kurudi. Kurudi ndiko kugumu, na ukishapata vituo vya kupanda, vya kushuka vinajipata vyenyewe, kwa sababu unaweza kuruka kimoja. Kwa gari letu, kupanda kunadai vituo vitatu: Voi, Mtito, na kimoja kati ya Makindu na Emali. Nimeshapata namba ya soja wa huko. Bila chaja ya kasi pale, ni kulala, na kulala Makindu kukiwa kumepangwa ni kitu kizuri. Watoto wanaulizia lini tutarudi hekaluni.

Ningeacha kuandika kilomita kwenye karatasi. Kilomita 235 za kushuka na 235 za kupanda zinaandikwa kwa tarakimu zile zile, na hapo ndipo jicho linapodanganywa. Uniti hazidanganyi, wala huwezi kuzipindua juu chini.

Joto ningelipangia kwa saa: chaja ya kwanza alfajiri, ya pili kabla ya saa nne, na mchana wa Tsavo ni wa kula na kulala, si wa kuchaji mara ya tatu. Mwenye gari lenye betri ya kupozwa kwa maji hahitaji sana kujisumbua na hili. Mwenye Leaf ajisumbue. Na kila kituo kiwe na mbadala ambao betri inaweza kuufikia. Mwaka 2023 nchi nzima iliingia gizani Agosti, ikarudia Novemba na Desemba; siku kama hiyo hakuna programu ya simu itakayokuokoa Mtito Andei, ila uniti 12 za akiba na mji unaofuata wenye jenereta.

Watu huniuliza kama haya yote hayathibitishi kwamba petroli ni bora kwa njia ya Mombasa. Kwa mtu anayekwenda mara moja kwa mwaka, ana haraka, na hana mahali pa kuchaji huko aendako, ndiyo, achukue gari la petroli au treni, asijitese. Sisi tunakwenda mara nne kwa mwaka, na siku nyingine zote gari hili linatupeleka kazini na shuleni kwa pesa ambazo zamani hazikutosha wiki. Siliuzi.

Kilichobaki kilikuwa soketi ya Mama. Nilimtuma fundi avute waya wake peke yake kutoka kwenye mita, aweke swichi ya usalama na soketi ya bluu ya ampea 16, ile isiyolegea, ukutani upande wa ua. Jana Mama alinipigia picha yake, kanga imening'inia pembeni, na ujumbe chini: "Fundi amemaliza. Soketi ni yangu. Tokeni ni zako."